Kiti cha Kumi na Saba

Jumatatu ninakabidhi funguo.
Masijala ina makabati sita,
moja halifungi tangu mchwa wafanye kikao ndani yake.
Mafaili utayasoma mwenyewe, bwana mdogo.
Mimi nikwambie habari za viti.

Vilichongwa Ndanda, mninga mtupu, ishirini na nne,
enzi ya liwali, alipoketi mmoja
na wengine wakachuchumaa.
Bendera ikashuka, nyingine ikapanda,
Newala tukapata madiwani,
na kila diwani akakaa, akaegemea,
akajua mgongo wa serikali ulivyo mgumu.
Muhtasari wao wa kwanza una ajenda mbili:
maji,
na yatokanayo na maji.

Sabini na mbili ikaja barua ya ukurasa mmoja.
Halmashauri imevunjwa, mamlaka yamehamia mkoani.
Hakuna aliyegombana. Waliaga
kama wageni waliomaliza chai.
Ukumbi ukawa ghala la korosho,
viti vikapelekwa shule ya msingi,
miaka kumi na miwili vikafundishwa desimali,
watoto wawili wawili kila kiti.

Vilirudi themanini na nne. Aliyevipokea ni mimi,
nina miaka ishirini na miwili na kalamu mpya.
Nikahesabu: ishirini na kimoja.
Nikavipaka namba kwa rangi nyeupe,
nikaandika kwenye leja:
*Vimerejeshwa vikiwa na maandishi.*
Bikari za darasa la nne zilikuwa zimepita.

Enzi ya chama kimoja kazi ilikuwa nyepesi.
*Hoja iliungwa mkono na wote* —
mstari huo ningeweza kuuchongea mhuri.
Vilipokuja vyama vingi, mkono ukajifunza kona:
*Mjumbe alitakiwa kufuta kauli. Hakufuta.*
*Baadhi ya wajumbe walitoka nje.*
Kijani walikaa upande wa dirisha,
bluu upande wa mlango,
labda kwa kuwa ndio waliokuwa wakitoka.
Na kata zilizidi kuzaliwa, viti havikuzaa.
Hadija Nampota, diwani wa viti maalumu,
alikuja na cha plastiki, amekibeba kichwani.
“Maalumu ndiyo hiki,” akasema, akakaa.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja hesabu iligoma.
Kumi na sita kijani, kumi na sita bluu,
na mwenyekiti lazima apatikane.
Tulipiga kura kwenye ndoo, tukapiga tena,
kumi na sita, kumi na sita,
ushuru wa korosho unasubiri mtu wa kuugawa.
Mapumziko ya chai, Dadi Chitanda wa bluu,
aliyekuwa anafoka tangu asubuhi,
akaegemea kiti cha kumi na saba
na kidole chake kikapata kitu kwenye mbao.
Akanyamaza.
Akamwita mgombea wa kijani, Likwena, aje aone.
D. CHITANDA NA F. LIKWENA. DARASA LA 4 B.
Walicheka hadi chai ikamwagika,
wanaume wawili wenye vitambi, wakipimana
kama bado wanaenea.
Hadija akainama, akasoma, akauliza,
“Na mimi niliandika wapi?”
Akajijibu: “4 B wasichana tulikaa sakafuni.”

Kura ya tatu: kumi na saba, kumi na tano.
Likwena akavaa joho.
Nani alihama, sijui. Kura ni siri,
na ndoo haina mdomo.
Bluu walimkazia macho Chitanda miaka mitano,
hakujitetea, hakukiri.
Hadija aliondoka na plastiki yake kichwani,
anapiga mluzi.

Kikao kilichofuata, jina moja
lilikuwa limepigwa msasa.
Sikusema lipi. Halimo kwenye muhtasari.

Haya, funguo. Ya kabati la tatu uitikise kwanza.
Ajenda ya Jumatatu nimekuandalia, ya kwanza maji.
Ukichoka kalia kile pale.
Kinayumba kidogo mguu wa kushoto,
weka karatasi.